Udongo Uliobaki Ndani ya Kichwa cha Shaba

Kigeuze juu chini kichwa cha shaba cha Benin, uchungulie ndani kupitia shingoni. Kwa nje umeshaiona sura ya mfalme: macho mapana, mikufu ya shanga iliyopandiana kutoka shingoni hadi kidevuni, kofia ya shanga iliyosukwa punje kwa punje. Ndani hakuna la kupendeza macho. Kuna giza, kuna ukuta wa shaba usiosuguliwa, na kwenye vishimo vya pua na masikio umeganda udongo mweusi ulioungua. Fundi aliusugua uso hadi ukang'aa, lakini udongo ule wa ndani aliuacha, maana nani angeuona?

Udongo huo umekuja kusema mambo ambayo uso wa mfalme haukuweza kuyasema. Ukipimwa, unaeleza kichwa kilisubiwa zamani za nani. Shaba inayouzunguka inaeleza madini yake yalichimbwa katika mwamba gani. Na picha ya eksirei inaonyesha mkono wa fundi ulipita wapi, uliteleza wapi, na ulirudi wapi kuziba tundu. Nimezifuatilia habari hizi kwa miaka, na kila ninaposoma kipimo kipya huwa namfikiria shahidi aliyekaa kimya zaidi ya karne, huku wengine wakimsemea.

Tuanzie pale walipomsemea. Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin, na moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji huo. Ndio uliokuwa makao makuu ya ufalme uliotawala eneo ambalo leo ni Jimbo la Edo, kusini mwa Nigeria. (Msomaji asiuchanganye na Jamhuri ya Benin iliyo jirani, ambayo ilikuwa ikiitwa Dahomey na ikalichukua jina hilo mwaka 1975.) Oba Ovonramwen, mfalme, alipelekwa uhamishoni Calabar na akafia huko mwaka 1914. Maelfu ya vitu vya jumba lake yalipakiwa melini: vichwa vya madhabahu, mabamba yaliyokuwa yakipamba nguzo, pembe za ndovu zilizochongwa kutoka shina hadi ncha. Makumbusho ya Uingereza jijini London peke yake yana vitu vya Benin takriban 900.

Ulaya ilipoviona ilishangaa, na badala ya kuuliza ni mafundi gani waliovitengeneza, ikauliza ni nani aliyewafundisha. Charles Hercules Read na Ormonde Dalton, wataalamu wa makumbusho hayo ya London, walichapisha kitabu juu ya vitu hivyo mwaka 1899, na katika kutafuta chanzo cha ufundi walihangaika kati ya Wareno na Misri ya kale. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, mji mtakatifu wa Wayoruba. Alipokiona kichwa cha shaba kinachohusishwa na Olokun, mungu wa bahari, alivuka mpaka hata wa Misri: akasema hayo ni masalia ya Atlantis, nchi ya kwenye hadithi za Wayunani. Yaani ilikuwa rahisi kwake kuamini nchi iliyozama baharini kuliko kumwamini Myoruba aliyesimama mbele yake.

Hawakuwa wote hivyo. Felix von Luschan wa makumbusho ya Berlin alishika mapema msimamo kwamba ni kazi ya Waafrika. Alimtaja hata Benvenuto Cellini, bingwa wa kusubu wa Italia ya karne ya 16, na kusema kwamba hata Cellini mwenyewe asingeweza kuwazidi mafundi wa Benin. Lakini lilikuwa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine, na katika mabishano ya namna hiyo mara nyingi alishinda aliyekuwa na kiti kikubwa zaidi.

Na wenyewe? Wenyewe walikuwepo. Katika mji wa Benin kuna mtaa uitwao Igun, na humo wanaishi wana wa Igun Eronmwon, chama cha mafundi wa shaba waliorithishana kazi baba kwa mwana kwa amri ya mfalme. Masimulizi yao yanasema Oba Oguola alituma ujumbe Ife aletewe fundi, na akaletewa Igueghae, ambaye ndiye mwalimu wao wa kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: watu hawa walikuwa wakisema siku zote ni nani aliyetengeneza na alijifunza wapi. Ilichukua vipimo vya maabara ili wasikilizwe, na jambo hilo linaniuma hata ninapovishangilia vipimo vyenyewe.

Ili kuelewa maabara inatafuta nini, ni lazima kwanza tuijue kazi. Kiswahili kina neno lake, kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu yakagande kwa umbo unalolitaka. Neno hili halisikiki sana siku hizi, ila kazi ipo. Niliwahi kushinda na mafundi wanaosubu sufuria za alumini jijini Dar es Salaam. Wao hutumia kalibu ya mchanga. Ninachokumbuka hadi leo ni namna walivyouogopa unyevu. Mchanga ukiwa na maji kupita kiasi, uji wa moto unapoufikia maji yanageuka mvuke ghafla, na kalibu inaweza kumrukia fundi usoni. Basi kabla ya kumimina, mzee wao aliupapasa mchanga kwa kiganja, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Na hiyo ni alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi. Shaba nyekundu inataka nyuzi 1,085.

Mafundi wa Ife na Benin walitumia nta. Fundi huanza na kiini cha udongo, chenye umbo la kichwa bila sura. Juu ya kiini anapaka nta ya nyuki, tabaka jembamba la unene uleule anaotaka shaba yake iwe nao, na kwenye nta hiyo ndipo anapochora kila kitu: kope, midomo, chale za paji la uso, shanga moja moja. Anabandika vijiti vya nta vitakavyokuwa mirija ya kuingizia shaba na kutolea hewa. Anachomeka misumari inayotoboa nta mpaka kwenye kiini, ili kiini kisije kikaelea au kuhama. Kisha anafunika yote kwa udongo laini uliochekechwa, unaoingia kwenye kila mstari, halafu udongo mzito zaidi. Kikikauka kinapelekwa motoni. Nta inayeyuka na kutoka, pengo linabaki kati ya udongo na udongo, na humo ndimo shaba inamiminwa. Ikipoa, kalibu inavunjwa. Kila kalibu huzaa mara moja tu. Ukikosea, nta, udongo na siku zako zote zimekwenda.

Pwani yetu nayo inaijua njia hii. Siwa ya shaba ya Lamu, ile mbiu kubwa iliyokuwa ikipulizwa kwenye shughuli za wakubwa, ilisubiwa kwa nta, na inatunzwa katika Makumbusho ya Lamu pamoja na mwenzake wa pembe za ndovu kutoka Pate. Anayeitazama kwa makini atauona ulaini wa nta katika mapambo yake, mistari ambayo patasi haikati kwenye shaba ngumu lakini kijiti hupita nayo kirahisi kwenye nta. Wahenga walisema ukiona vyaelea jua vimeundwa. Walimaanisha vyombo vya baharini, ila naona methali hii inakaa vizuri pia juu ya siwa.

Sasa rudi kwenye maabara. Eksirei ikipitishwa kwenye kichwa kilichosubiwa hivyo, misumari ya kiini inaonekana kama vivuli vidogo mahali pake. Mapovu ya hewa yanaonekana. Viraka vinaonekana, pale shaba haikufika na fundi akalazimika kumimina mara ya pili ili kufunika tundu. Unene wa ukuta unapimika, na unene huo una habari zake. Vichwa vya Ife vina kuta za milimita chache tu. Vile vya Benin vya zamani ni vyembamba, na kadiri karne zilivyosonga vikawa vizito zaidi na zaidi, maana shaba ilikuwa ikiingia kwa wingi na hapakuwa na haja ya kuibania. Kuta nyembamba ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu shaba inaweza kuganda njiani kabla haijafika kwenye ncha ya sikio. Aliyesubu ukuta wa namna hiyo hakuwa anabahatisha.

Na udongo mweusi wa ndani? Hapa ndipo pananifurahisha zaidi. Udongo wowote una chembechembe za mchanga, na pia una kiasi kidogo sana cha uraniamu, thoriamu na potasiamu, ambazo hutoa mionzi kidogokidogo bila kukoma. Nguvu ya mionzi hiyo inanaswa ndani ya chembe za mchanga na kukusanyika humo mwaka hadi mwaka. Ukiuchoma udongo kwa moto mkali, nguvu yote iliyokusanywa inatoka kama mwanga hafifu, na hesabu inarudi sifuri. Siku fundi alipomimina shaba, joto lile lilifuta hesabu ya zamani. Tangu siku hiyo udongo ulianza kukusanya upya. Basi mtafiti anachukua kipande kidogo, anakipasha moto kwenye chumba cha giza, anapima mwanga unaotoka, na kutokana na mwanga huo anakokotoa miaka.

Ipo tahadhari ambayo wataalamu wazuri huizingatia: udongo uchukuliwe kabla ya picha ya eksirei, kwa kuwa eksirei nayo ni mionzi na inaweza kuongeza hesabu isiyo yake. Kazi ya makumbusho ina mambo mengi ya namna hii, ambapo swali moja ukilitanguliza unaliharibu la pili.

Mwaka 1976 Frank Willett, aliyekuwa amechimba Ife miaka mingi, na mwenzake Stuart Fleming walichapisha orodha ya vitu vya shaba vya Nigeria vilivyopimwa kwa njia hiyo. Vile vya Ife viliangukia kati ya karne ya 13 na ya 15. Wareno walifika sehemu za Benin katika miaka ya mwisho ya karne ya 15. Mwalimu gani huyo anayefika baada ya wanafunzi kuhitimu na wengine kufa?

Vichwa vyenyewe vya Ife, vile vilivyojulikana sana, viliibuka mwaka 1938 watu walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba katika kiwanja cha Wunmonije, karibu na jumba la mfalme. Vilikuwa zaidi ya kumi, vya ukubwa wa mtu, vingi vikiwa na mistari myembamba inayoshuka usoni kama mvua ya manyunyu. Vilipopimwa madini yake likatokea jambo ambalo mafundi wa leo ndio wanaoliheshimu zaidi. Vitu kadhaa vya Ife, ikiwemo barakoa inayohusishwa na mfalme Obalufon, ni shaba nyekundu karibu tupu.

Nisimame kidogo kwenye neno. Sisi huita shaba vitu vitatu. Shaba nyekundu ndiyo shaba yenyewe, ile ya nyaya za umeme, ile iliyoipa Katanga jina la Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Ukiichanganya na zinki unapata shaba njano, ya mabomba na vitasa. Ukiichanganya na bati unapata aina ya tatu, ngumu, iliyotumika kwa kengele na silaha za kale. Jina la Kiingereza vililopewa vitu vya Benin linamaanisha hiyo ya tatu, lakini vingi ni shaba njano, mara nyingi yenye risasi ndani yake. Fundi huchanganya kwa sababu. Zinki, bati na risasi hushusha joto la kuyeyusha na kuufanya uji utiririke vizuri. Shaba nyekundu tupu ni mkaidi: inataka moto mkali zaidi, inatiririka kwa uzito, na inameza hewa kisha inaitapika inapoganda, ikiacha mapovu. Kumimina barakoa nzima ya uso wa mtu kwa shaba hiyo, ikatoka laini, ni kazi ambayo karakana nyingi za leo zenye umeme na vipimajoto zingeikwepa.

Lakini mahali ambapo sayansi iligeuza mabishano kabisa ni Igbo-Ukwu, na naomba msomaji avumilie nikikaa hapo.

Mwaka 1938, upande wa mashariki wa mto Niger katika nchi ya Waigbo, mkulima aitwaye Isaiah Anozie alikuwa akichimba shimo la kuhifadhia maji uani kwake. Jembe likagonga shaba. Vikatoka vyombo, vingine akawapa majirani. Baada ya miaka 20 hivi Idara ya Mambo ya Kale ya Nigeria ilimwita mwanaakiolojia Thurstan Shaw, akachimba mwaka 1959 na 1960, kisha tena 1964. Alikuta kaburi la mtu mkubwa aliyezikwa ameketi, ghala la vyombo vya ibada, na shanga zaidi ya 165,000. Alikuta pia makombe ya shaba yenye ngozi iliyojaa nukta na panzi wadogo, na chungu kimoja juu ya kigoda ambacho picha yake imezunguka dunia nzima: chungu cha shaba kilichovishwa wavu wa kamba, na kamba hizo nazo ni shaba, na kila fundo limefungwa kama fundo. Ukikitazama unataka kuufungua ule wavu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kilisubiwa kwa vipande, kipande kimoja kikimiminwa na kuungana na kingine, hatua kwa hatua.

Majibu mengi ya kipimo cha umri kwa kaboni yaliviweka vitu hivyo kwenye karne ya 9 na zilizo karibu nayo. Wengi walikataa. Wakasema ni mapema mno. Waigbo wa kale hawakuwa na ufalme mkubwa wa kulisha mafundi kama hao, na tena Nigeria haina shaba, kwa hiyo madini lazima yaliletwa kwa ngamia kuvuka Sahara, na penye madini ya kigeni huenda pana fundi wa kigeni. Shaw mwenyewe awali alidhani shaba ilitoka mbali.

Jibu lilikuja kwa watu walioingia porini na nyundo za miamba. Vincent Chikwendu wa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, pamoja na A. C. Umeji, waliyatafuta mawe yenye shaba na risasi kusini mashariki mwa nchi yao, maeneo ya Abakaliki, wakaonyesha kuwa yapo na kwamba watu wa kale waliyachimba. Mwaka 1989, wakiwa na Shaw mwenyewe na Paul Craddock wa Makumbusho ya Uingereza, walichapisha matokeo. Mwaka 1997 Craddock na wenzake wakarudi na kipimo kikali zaidi, kile cha risasi.

Kipimo hicho kinaenda hivi. Risasi ya mawe ina atomi za uzito wa aina nne. Aina moja ilikuwepo tangu dunia iumbwe na haiongezeki. Tatu nyingine huzaliwa polepole mwambani kutokana na uraniamu na thoriamu. Kwa hiyo uwiano wa aina hizo nne hutegemea umri wa mwamba na yaliyomo humo, na machimbo ya sehemu moja hutofautiana na ya sehemu nyingine. Ukiyeyusha, ukisubu, ukizika kaburini miaka elfu, uwiano haubadiliki. Vumbi dogo lililotobolewa kwa keekee nyembamba mahali pasipoonekana linatosha. Shaba ya Igbo-Ukwu ikalingana na mawe ya bonde la Benue, humohumo Nigeria. Hakuna ngamia.

Kuna jambo jingine la Igbo-Ukwu ambalo kwangu lina uzito kuliko hata hilo la machimbo. Vitu vilivyosubiwa vina bati na risasi ndani ya shaba. Vitu vilivyofuliwa kwa nyundo, vile vya kusokotwa na kupindwa, ni shaba nyekundu karibu tupu. Fundi alijua. Risasi husaidia shaba itiririke kwenye kalibu lakini huifanya ipasuke chini ya nyundo. Shaba tupu ni shida kwenye kalibu lakini chini ya nyundo ni tii kama ngozi iliyolowekwa. Hakuandika kitabu. Aliliweka somo lake ndani ya vitu, na lilikaa ardhini likisubiri mtu atakayepima vyote kwa pamoja.

Baada ya Igbo-Ukwu ilikuwa rahisi kutamani kila kipimo kitupe jibu tunalolipenda. Benin ilikataa. Mabamba yake makubwa ya karne ya 16 na ya 17 yalihitaji shaba nyingi sana, na wanahistoria walishuku siku nyingi kwamba ilitoka kwenye manila. Hizo ni pete nzito za shaba zenye umbo la kwato ya farasi, ambazo Wareno na wengine walizileta Afrika Magharibi zikiwa fedha ya biashara. Watu wa Benin hawakuficha: kuna bamba lililoko Vienna linaloonyesha askari wa Kireno, na manila zimemzunguka pande zote.

Mwaka 2023 Tobias Skowronek na wenzake walichapisha vipimo vya manila 67, zilizotoka kwenye meli 5 zilizozama Atlantiki na kwenye maeneo 3 ya nchi kavu Ulaya na Afrika. Wakalinganisha risasi yake na ile ya mabamba na vichwa vya Benin, kisha na mawe ya Ulaya. Madini yalielekea sehemu moja: bonde la mto Rhine, Ujerumani. Huko shaba njano ilitengenezwa kwa kufungia shaba nyekundu, mawe ya zinki na makaa ndani ya chungu na kuvichoma pamoja. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka, na mvuke huo unaingia ndani ya shaba. Mawe ya zinki ya huko yana risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyowafichua. Hata makaratasi yanaafiki. Nyumba ya biashara ya Fugger ya Augsburg ilikuwa na mkataba wa mwaka 1548 wa kumuuzia mfalme wa Ureno manila za soko la Afrika.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo siku nzima. Mreno Duarte Pacheco Pereira, aliyeijua pwani ile, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba Benin mtumwa alinunuliwa kwa manila 12 hadi 15. Manila zilinunua pilipili pia, na pembe, na vitambaa. Lakini zilinunua watu. Ndiyo maana makumbusho yalipoanza kurejesha vitu Nigeria, kundi la Wamarekani weusi liitwalo Restitution Study Group lilidai kwamba vizazi vya waliouzwa wana haki yao ndani ya shaba ile. Mtu anaweza kukubali au kukataa madai yao, ila hawezi tena kusema hajui shaba ilikuja kwa njia gani. Mimi naamini vitu vilivyoporwa virudi Benin. Naamini pia kwamba kibao kitakachosimama mbele ya vitu hivyo kinapaswa kuitaja bei ile ya manila, kwa maandishi yanayosomeka.

Wale waliotaka kutumia mawe ya Rhine kufufua hoja ya mwalimu wa kigeni hawana pa kushika. Nguo ikishonwa Kariakoo kwa kitambaa cha India, fundi wake hawi Mhindi. Ulaya iliuza shaba ikiwa pete. Aliyeiyeyusha, akajua afanye ukuta uwe mwembamba kiasi gani na aweke mirija wapi, alikaa Igun. Hata hivyo kipimo cha risasi kina mipaka, na watafiti wenyewe wanaitambua. Fundi akiyeyusha bangili ya zamani pamoja na manila mpya, miamba miwili inachanganyika ndani ya chungu kimoja, na uwiano unaotoka hauwi wa mwamba wowote. Kipimo kina nguvu zaidi kinapokataa kuliko kinapokubali.

Kwa kuwa habari hii ya madini ya nje na mikono ya ndani inaweza kumdanganya mtu aone kwamba malighafi za Afrika Magharibi zote ziliagizwa, nitaje shanga za Ife kwa ufupi. Sisi wa pwani tumezoea shanga zilizoingia kwa majahazi, na wataalamu walidhani vioo vya Ife vilikuwa vya kuyeyusha upya vya kigeni. O. Akin Ige wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo na wenzake walipima, wakakuta kioo chenye chokaa nyingi na alumina nyingi, mchanganyiko usiofanana na wa Misri, wa India wala wa Ulaya. Baadaye Abidemi Babatunde Babalola alichimba Igbo Olokun, ndani ya Ife, akapata shanga zaidi ya 12,000 pamoja na vipande vya vyungu vya kuyeyushia vyenye kioo kilichoganda ndani. Kioo kilitengenezwa hapohapo tangu mwanzo, kwa mawe na mchanga wa huko.

Mtaa wa Igun bado unafanya kazi. Nta ni ya nyuki, udongo ni wa jirani, na shaba hutoka kwenye vyuma chakavu: mabomba, vitasa, vipuri vya mashine. Mtu wa maabara akikitoboa kichwa kilichosubiwa huko mwaka huu, ataikuta miamba ya mabara kadhaa imekutana. Kalibu zikitoka motoni huwa nyekundu, hushindiliwa ardhini mdomo ukiwa juu, na vijana wawili hunyanyua chungu cha shaba kwa koleo ndefu na kumimina bila kusita, kwa kuwa ukisita shaba inaganda katikati ya shavu. Kisha wanangoja. Kalibu ikipoa fundi anaigonga kwa nyundo ndogo, udongo wa nje unaanguka mapande kwa mapande, na uso unatokea mweusi, na mirija imesimama kichwani kama pembe. Ataikata, atausugua uso kwa siku kadhaa. Udongo wa ndani ataukorokochoa kwa chuma kupitia shingoni, utoke unaotaka kutoka. Ule wa kwenye vishimo vya pua na masikio utabaki, na ndani yake hesabu imeshaanza upya kutoka sifuri.